Nimepangiwa kozi ya elektroniki jeshini, na fizikia nilipata D

SWALI

Shikamoo Mwalimu.

Mimi ni binti wa miaka 22, mzaliwa wa Mbagala. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2021, nikaingia JKT kwa kujitolea, na Mungu akajalia nikachukuliwa JWTZ. Depo, yale mafunzo ya awali ya askari, tumeshamaliza. Sasa niko kikosini hapa hapa Dar, na nimeambiwa nijiandae: baada ya miezi mitatu hivi nakwenda kozi ya msingi ya elektroniki ili niwe fundi wa vyombo vya mawasiliano.

Nitakuambia ukweli. Siku tulipoulizwa nani anapenda ufundi, niliinua mkono haraka kwa sababu sikutaka kupangiwa ukarani. Redio nazipenda. Marehemu babu alikuwa nazo mbili, kila Jumapili anazifungua barazani na kuzifunga tena, hata kama hazina tatizo. Lakini kupenda redio ni jambo moja na kujua kilichomo ndani ni jambo lingine. Fizikia nilipata D, Hesabu C. Shuleni kwetu maabara kilikuwa chumba chenye kufuli. Mita ya kupimia umeme niliishika kwa mara ya kwanza siku ya mtihani wa vitendo, na nilifanya kwa kumtazama jirani.

Kinachonichanganya ni ushauri wa watu. Binamu yangu ni fundi simu Kariakoo, anasema nilipe laki tatu na nusu nisome ufundi simu wikiendi, wiki sita, nitakwenda kozini nikiwa tayari fundi. Mwenzangu niliyetoka naye depo, ambaye yeye alitangulia kozi, anasema nisijisumbue: "Jeshi litakufundisha kuanzia a, e, i, o, u. Wewe lala." Kuna mwingine anauza madesa ya kozi iliyopita, maswali na majibu, elfu thelathini, anakurushia WhatsApp. Mama yeye anasema nisali tu.

Muda wangu ni jioni, siku ambazo sina lindo wala fatiki, na wikiendi nikipata ruhusa nakwenda kwa mama. Nina simu na bando la kawaida. Fedha ninayoweza kuitoa bila kuumia haizidi laki moja. Nasikia darasani huenda nikawa mwanamke peke yangu, na nikishindwa nitarudishwa kikosini, halafu kila mtu hangani (bwenini kwetu) ajue kwa nini nimerudi. Nianzie wapi? Na je, kikokotoo ninunue kipi?

Askari Mpya, Mbagala

JIBU

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kumaliza depo.

Kwanza kabisa: jina la kikosi chako na aina za redio ulizozitaja nimevifuta kabla barua haijaonwa na mtu mwingine. Usimwandikie tena mtu usiyemjua mambo hayo, hata akiwa mwalimu mzee wa umeme kama mimi. Kwa sababu hiyo hiyo, usitumie miezi hii kuwinda mtandaoni vitabu vya redio za kijeshi. Vyombo vyenyewe utafundishwa huko huko, na wenye jukumu la kukufundisha. Wewe kazi yako sasa ni msingi ulio chini ya vyombo hivyo, na msingi ni ule ule kwenye redio ya babu, kwenye king'amuzi cha mama na kwenye mtambo wa meli.

Madesa usinunue. Kama kweli ni karatasi za kozi ya jeshi, kuzisambaza kwa WhatsApp kunaweza kukugharimu zaidi ya hiyo kozi. Na kama ni za kubuni, umetoa elfu thelathini bure. Tena swali la saketi likibadilishwa namba moja tu, jibu ulilokariri linakuwa kosa, na mkufunzi anaona wazi kuwa hukukokotoa.

Mwenzako aliyekuambia ulale amesema nusu ya ukweli. Ni kweli kozi ya msingi huanzia sifuri. Ila sifuri hiyo haikai muda mrefu. Leo mnaambiwa volteji ni nini, baada ya siku chache mnapewa rezista (vifaa vya kuzuia mkondo) tano zimeungwa kwa kuchanganywa mtafute mkondo wa kila moja, na muda ni mdogo. Katika miaka yangu ya kufundisha mafundi, waliokwama mapema hawakukwamishwa na elektroniki. Walikwamishwa na hesabu za kidato cha pili: kuhamisha herufi upande wa pili wa alama ya usawa, kujumlisha sehemu, na kuchanganya mili na maikro. Umeme wenyewe walikuwa wanauelewa, wanaweza hata kukueleza kwa mdomo vizuri, ila jibu linatoka kubwa mara elfu moja kuliko linavyopaswa.

Kwa hiyo D yako ya Fizikia hainitishi. D ya NECTA ni alama 30 hadi 44, maana yake kuna vitu unavijua na vingine hukupata nafasi ya kuvishika. C ya Hesabu ndiyo nitakayoanza nayo.

Wiki mbili tatu za mwanzo usiguse kifaa chochote. Chukua daftari, andika V = I × R (V ni volteji kwa volti, I ni mkondo kwa ampea, R ni ukinzani kwa omu), kisha itafute I, itafute R, mara nyingi, hadi mkono uende wenyewe. Ongeza P = V × I (P ni nguvu kwa wati), uibadilishe iwe P = V² ÷ R na P = I² × R, na uweze kueleza umefikaje huko. Halafu viambishi: mega ni milioni, kilo ni elfu, mili ni sehemu ya elfu, maikro sehemu ya milioni, nano sehemu ya bilioni, piko sehemu ya trilioni. Jizoeze kuvibadilisha ukiwa kwenye daladala. Rezista ya kiloomu 4.7 ni omu ngapi? Kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji) imeandikwa 104 tu, basi: hiyo ni 10 ikifuatiwa na sifuri nne, yaani pikofaradi 100,000, ambazo ni nanofaradi 100, ambazo ni maikrofaradi 0.1. Ukiweza kupita njia hiyo yote bila kalamu, umeshawaacha wengi nyuma.

Nikupe na ujanja mmoja wa mafundi: volti ukizigawa kwa kiloomu, jibu linatoka moja kwa moja kwenye miliampea. Volti 9 kwa kiloomu 4.7 ni miliampea 1.9. Hakuna haja ya kuandika sifuri zote zile na kuzipoteza njiani.

Sasa saketi. Nataka hii uifanye hadi uichoke. Betri ya volti 9. Rezista ya kiloomu 1 imeungwa kwa mfuatano na kundi la rezista mbili zilizo sambamba, moja ya kiloomu 2.2 na nyingine ya 3.3. Tafuta mkondo wa kila rezista na volteji juu ya kila moja. Anza na zilizo sambamba: zidisha 2.2 kwa 3.3, gawa kwa jumla yake, unapata 1.32. Jumlisha 1, inakuwa kiloomu 2.32. Volti 9 gawa kwa 2.32 ni miliampea 3.88. Mkondo huo wote unapita kwenye rezista ya kwanza, kwa hiyo juu yake kuna volti 3.88, na zinazobaki, 5.12, ziko juu ya kundi. Ndani ya kundi, rezista ya 2.2 inapitisha miliampea 2.33 na ya 3.3 inapitisha 1.55. Jumlisha: 3.88. Umerudi ulikotoka. Huo ukaguzi wa mwisho, kwamba mikondo inayoingia kwenye kiungo ni sawa na inayotoka, na kwamba volti zote za mzunguko zinalingana na za betri, ni kanuni za Kirchhoff za mwaka 1845. Darasani zitakuja na maneno mazito. Wewe utakuwa umeshazitumia kama mtu anavyohesabu chenji.

Kisha badilisha namba, jipe saketi nyingine. Usihamie kwenye AC (mkondo geu) kabla hii haijawa rahisi kwako, hata kama mwezi wa kwanza wote utaishia hapa.

Vitabu: Fizikia ya kidato cha tatu, ile ya mtaala uliousoma wewe, ina sura ya mkondo wa umeme, na ya kidato cha nne ina sura fupi ya elektroniki yenye dayodi na transista. Vitabu hivyo utavipata kwa wauza vitabu vya mitumba mjini, au ukavisome Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed ukipata siku ya ruhusa. Kwa simu yako, kuna kitu kingine kilichoandikwa hasa kwa watu wa aina yako, yaani askari wanaoanza fani hii bila kujua lolote: mfululizo wa mafunzo wa Jeshi la Wanamaji la Marekani uitwao NEETS. Una moduli 24, na unapatikana bure. Usiogope hiyo 24. Soma ya 1, inayoanzia kwenye maada na nishati hadi saketi za DC (mkondo mnyoofu, kama wa betri), na ya 2 ya AC na transfoma. Ukibakiwa na muda, angalia kwenye ya 3 sehemu ya vipimo. Zinazobaki zitumie kama ramani tu: ya 7 ina dayodi, transista na pawasaplai (sehemu inayokipa chombo umeme), ya 13 ina mifumo ya namba na saketi za mantiki. Huo ndio mpangilio ambao kozi nyingi za fani hii hufuata.

Ila mfululizo huo una mitego miwili kwa msomaji wa Kitanzania, na sijaona watu wakiitaja. Wa kwanza ni mwelekeo wa mkondo. Shuleni ulifundishwa mkondo unatoka chanya kwenda hasi. Wamarekani hao wanafuata elektroni zenyewe, kutoka hasi kwenda chanya, kwa hiyo mishale yao kwenye michoro imegeuka. Majibu ya hesabu hayabadiliki hata kidogo, lakini mtu asiyejua anaweza kukesha akidhani amesahau kila kitu. Shika wa shuleni, na ukifika kozini mfuate mkufunzi.

Mtego wa pili ni wa hatari zaidi. Kwao umeme wa nyumbani ni volti 120 na hezi 60, na waya mweusi ndio wenye moto. Kwetu ni volti 230 na hezi 50, na katika nyumba zetu za zamani zilizofungwa kwa rangi za Kiingereza cheusi ni nyutro, chekundu ndio moto. Nyumba mpya zina kahawia kwa moto na bluu kwa nyutro. Mtu aliyekariri rangi kutoka kwenye kitabu cha Marekani akaingia kwenye dari ya nyumba ya Magomeni anaweza asitoke.

Lugha usiidharau. Jeshini mtazungumza Kiswahili, lakini vitabu vya fani hii karibu vyote viko kwa Kiingereza, na maandishi kwenye vyombo vilevile. Soma kurasa mbili kila jioni, kwa sauti ikiwezekana, na usiruke neno.

Mwezi wa pili ndipo uingie mfukoni. Laki moja yako inatosha na itabaki. Nenda maduka ya vifaa vya elektroniki Kariakoo na binamu yako, akusaidie bei. Unataka multimita ndogo ya bei nafuu, kile kibao cheupe cha matundu unachochomeka vifaa bila kulehemu, nyaya zake fupi, betri za volti 9, rezista za robo wati za thamani mchanganyiko (zisikose kiloomu 1, 2.2 na 3.3, na mbili za megaomu 1), kapasita chache na taa ndogo za LED. Basi. Muuzaji atataka kukupa vile visanduku vya kujifunzia roboti na vikompyuta vya kuprogramu. Ni vizuri, ila si vya sasa. Nimeona vijana wanaowasha taa kwa programu waliyoinakili huku hawajui kwa nini taa ile imewekewa rezista.

Rangi za rezista zijue kwa moyo: nyeusi 0, kahawia 1, nyekundu 2, chungwa 3, njano 4, kijani 5, bluu 6, zambarau 7, kijivu 8, nyeupe 9. Rangi mbili za kwanza ni tarakimu, ya tatu ni idadi ya sifuri, dhahabu ya mwisho inamaanisha inaweza kupotoka asilimia 5 juu au chini. Njano, zambarau, nyekundu: 4, 7, sifuri mbili, kiloomu 4.7. Zisomee kwenye mwanga wa mchana, maana chini ya taa ya hanga kahawia na nyekundu huwa dada mmoja.

Sasa jenga ile saketi ya rezista tatu kwenye kibao na upime. Anza na betri yenyewe, kwa sababu ikiwa mpya inaweza kusoma zaidi ya 9, na hesabu zako zote ni lazima uzirudie kwa namba halisi. Volteji unapima mita ikiwa sambamba na kifaa. Mkondo unakata njia, unaingiza mita katikati. Ukinzani unapima betri ikiwa imetolewa. Na ujijengee tabia moja tangu siku ya kwanza: ukimaliza kupima mkondo, rudisha waya mwekundu na kitufe kwenye volti kabla hujaiweka mita mezani. Tundu la ampea 10 kwenye mita nyingi za bei rahisi halina fyuzi. Ukisahau waya humo kisha ukagusa chanzo cha umeme mkubwa kupima volti, umeunganisha shoti kwa mikono yako.

Halafu fanya jaribio hili, ambalo nalipenda kuliko yote. Unga rezista mbili za megaomu 1 kwa mfuatano kwenye betri ya volti 9. Zinalingana, kwa hiyo kila moja ina nusu, volti 4.5. Kokotoa hata mara mia, ni 4.5. Sasa pima kwa ile mita ndogo. Zile za bei ya chini kabisa zenye ukinzani wa ndani wa megaomu 1 zitakuonyesha karibu volti 3. Betri ni nzima, rezista ni nzima, hesabu ni sahihi. Kilichobadilika ni kwamba umeleta mita. Yenyewe nayo ni rezista, na ulipoigusisha imekaa sambamba na rezista moja, megaomu 1 na megaomu 1 zikawa nusu megaomu, mgawanyo wote ukahama. Ni sawa na mwonjaji wa mchuzi: kwenye sufuria ya shughuli hapunguzi kitu, kwenye kikombe anamaliza. Mita yenye megaomu 10 ndani ingekuonyesha kama 4.29, karibu zaidi, lakini bado si 4.5. Rudia kwa rezista za kiloomu 1 na utaona kosa linatoweka. Mtu aliyeliona hilo kwa macho yake hatabadilisha sehemu nzima ya chombo kwa sababu tu mita ilisema volti zimepungua, na huko unakokwenda kubadilisha sehemu nzima ni hasara kubwa na makaratasi mengi.

Jaribio jingine, la jioni moja. Rezista ya kiloomu 10 na kapasita ya maikrofaradi 1000 ya volti 16 au zaidi, kwa mfuatano, betri ile ile. Zidisha: sekunde 10. Weka mita juu ya kapasita, washa saa ya simu. Baada ya sekunde 10 utakuta imefika kama asilimia 63 ya volti za betri, kwa volti 9 ni 5.7 hivi, na baada ya sekunde 50 imekaribia kujaa. Upande wenye mstari kwenye kapasita ni hasi. Ukigeuza inaweza kupasuka, kwa hiyo uso usiinamie juu yake.

Hapo tuje kwa binamu. Laki tatu na nusu yake kataa kwa adabu. Ufundi simu ni kazi ya heshima na inalisha watu, ila wiki sita za simu ni kubadilisha vioo na chaji, kuingiza programu upya, kuhamisha chipu kwa hewa ya moto. Hazitakupa kanuni za saketi. Kama unahisi lazima uwe na mwalimu mbele yako, afadhali uulizie kozi fupi za umeme na elektroniki VETA Chang'ombe. Kwa binamu omba kitu kimoja: Jumamosi akupe bodi mbovu, pasi ya kulehemu na kona ya meza. Toa vifaa, rudisha, toa tena. Pasha moto kiungo chenyewe, mguu wa kifaa na shaba ya bodi kwa pamoja, kisha gusisha waya wa risasi wa kulehemia kwenye kiungo uyeyukie hapo. Ukiyeyusha risasi kwenye ncha ya pasi ukaja kuipaka, utapata tone lililokaa juu tu, linaloonekana zuri na halipitishi umeme sawasawa. Kiungo kizuri kwa risasi ya kawaida hung'aa na kuteremka kama kilima kidogo, na kazi yote isizidi sekunde tatu nne. Waya huo mwingi una risasi kweli, ile ya sumu, kwa hiyo osha mikono kwa sabuni kabla ya chapati.

Usifungue runinga ya mama. Wala chaja, wala inveta, wala maikrowevu, hata kama vimechomolewa. Umeme wa volti 230 ukishageuzwa kuwa DC ndani ya pawasaplai, kapasita hukaa na volti kama 325, na zinaweza kubaki humo baada ya kuchomoa. Maikrowevu ina zaidi ya volti 2000 na imeua mafundi wazoefu. Miezi hii mitatu wewe ni mtu wa betri tu.

Kuhusu kuwa mwanamke peke yako: inawezekana, na wiki ya kwanza watakutazama. Umeme hauangalii jinsia. Kinachokuogopesha, nadhani, ni kuuliza swali halafu kundi zima lidhani unauliza kwa sababu ni mwanamke. Basi uliza ukiwa na daftari mkononi: "Afande, nimefika hapa, mkondo wa hapa nimepata miliampea 3.88, hapa ndipo sielewi." Swali la namna hiyo hakuna anayelicheka, na mara nyingi nusu ya darasa ilikuwa imekwama pale pale, inangoja mtu aulize. Tafuta pia mwenzako mmoja wa kusoma naye jioni, awe mzuri pale ulipo dhaifu. Na ile habari ya kuinua mkono ili ukwepe ukarani, iache. Hakuna mkufunzi atakayekuuliza.

Siku ya lindo usisome. Lala. Saa moja ya kila jioni uliyo huru, siku nne au tano za wiki, inatosha kwa miezi mitatu, na wiki ya mwisho kabla ya kozi funga daftari kabisa uende ukapumzike kwa mama. Kusali kwake nako usikukatae.

Kikokotoo: nunua cha sayansi chenye kitufe kilichoandikwa ENG. Ukikibonyeza, jibu hupangwa kwa vipeo vya tatu tatu, yaani moja kwa moja kwenye kilo, mili au maikro, na makosa ya sifuri yanapungua sana. Vya bandia viko vingi barabarani. Kabla hujalipa, jaribu 9 gawa kwa 4700, bonyeza ENG, uone kama kinakupa 1.91 na kipeo cha hasi 3. Na ukiripoti kozini, muulize mkufunzi kama kinaruhusiwa kwenye mtihani kabla hujakizoea mno.